Trei ile ile: nesi kaandikiwa barua, mtego umebaki mezani

Sista wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta, leo naomba niuache hapa. Mi ni nesi, mwaka wa kumi na moja kazini, hospitali siitaji wala mkoa siutaji na naomba msinifuate inbox kuuliza.

Kuna usiku nilikuwa zamu wodi ya watoto. Manesi tulitakiwa wawili, mwenzangu akachukuliwa kwenda leba maana kule kulikuwa kumezidi, nikabaki mimi na mwanafunzi wa fildi, watoto arobaini na kitu, vitanda vingine wamelala wawili wawili. Saa nane usiku natakiwa kuchanganya seftriaksoni ya mtoto wa miaka mitatu, antibayotiki ile ya unga, unavunja maji ya sindano unachanganya ndo unachoma. Taa ya juu ya meza ya dawa ilikuwa imeungua tangu wiki iliyopita, nimebana simu kidevuni ndo tochi yangu. Hapo hapo mama mmoja ananiita dripu ya mwanae imechomoka, mwingine anauliza mtoto anachemka afanyeje, simu ya wodi inalia. Nikavunja kichupa, nikavuta, nikachanganya, nikaanza kwenda kitandani. Yule mwanafunzi alikuwa anaokota vichupa atupe kwenye sefti boksi, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Sista, hiki hakijaandikwa maji."

Ilikuwa potasiamu kloraidi, ile kali ambayo haijachanganywa.

Kwa wasio wa fani, potasiamu ni dawa nzuri na inaokoa watu kila siku, ila inatakiwa iingie kwenye dripu kubwa, ichanganyike, ishuke taratibu kwa masaa. Ukiisukuma moja kwa moja kwenye mshipa moyo unasimama. Sasa kichupa cha potasiamu na kichupa cha maji ya sindano tulivyokuwa navyo ni vya plastiki vyote, mililita kumi vyote, ndani ukitazama ni maji matupu kwa vyote, maandishi madogo yamechapwa juu ya plastiki ile ile. Na vilikuwa kwenye trei moja kwa sababu trei ilikuwepo moja.

Nikamwaga, nikavuta upya, mtoto akapata dawa yake na asubuhi akanywa uji. Nikamwambia yule mwanafunzi yaishie hapa hapa mdogo wangu. Kwenye daftari la ripoti nikaandika usiku ulikuwa shwari.

Miezi minne baadaye, hospitali hiyo hiyo wodi nyingine, mwenzangu ambaye nitamwita Dada M alikuwa anapitisha maji kwenye kanula, kile kimpira cha kwenye mshipa, ya mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Vichupa vile vile, trei ya namna ile ile. Yeye hakuwa na mwanafunzi pembeni. Yule mama alikuwa na watoto watatu.

Barua ya kujieleza ilimfikia siku ile ile, akasimamishwa, kesho yake kikao cha asubuhi tukaambiwa muwe makini, kazi yetu ni wito. Mimi nilikaa viti vya nyuma mikono inatetemeka maana nilikuwa najua kitu ambacho mle ndani hakuna mwingine aliyekijua, kwamba Dada M hakuwa wa kwanza, wa kwanza nilikuwa mimi, na pengine hata mimi kuna walionitangulia wakaandika usiku ulikuwa shwari. Wiki ile ile nikapita wodini kwake nikaangalia mezani. Trei ipo, potasiamu na maji vimelala pamoja.

Tangu hapo nimesoma sana habari za usalama wa mgonjwa, usiku kwenye simu, na nimegundua kuna watu wamefanya kazi maisha yao yote kwenye swali hili moja, kwa nini mtu mzuri mwenye akili zake anafanya kosa baya, na mahali pa kazi patengenezweje ili kosa lisifike kwa mgonjwa. Sisi tunaishia kwenye barua. Naomba tujadili.

Mwana wa Bi Zuhura

Sista pole ila nitasema la moyoni. Mama yangu alifia hospitali 2016, alipewa dawa isiyokuwa yake, tukaja kujua kwa kuchungulia faili. Mpaka leo hakuna mtu alietuita akatukalisha akatuambia ilikuwaje. Kwahiyo nikisoma trei, taa, simu inalia, nasikia uchungu. Lebo inasomwa sekunde mbili. Wewe ndo uliesomea, mimi mwananchi nimekukabidhi mzazi wangu. Mkianza kusema ni mfumo ni mfumo, nani atawajibika, trei itapelekwa mahakamani?

Na msiseme ni huku kwetu tu. Kule Nashville Marekani 2017 nesi alitaka kumpa mama wa miaka 75 dawa ya kumtuliza akampa ya kulegeza misuli yote mpaka pumzi, mama akafa. Kifuniko cha ile chupa kilikuwa na onyo. Machi 2022 mahakama ikamkuta na hatia. Kwanini wa kwetu asamehewe?

Sista wa Zamu

Mkuu pole sana kwa mama, na sitakujibu kana kwamba uchungu wako ni hoja ya kushindana nayo. Hilo la kutoitwa mkaambiwa nitalirudia maana linanikaba hata mimi.

Kwenye hilo la kusoma lebo. Nilisoma. Nakuapia niliiangalia ile lebo na kichwani nikaona maji, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umechukua maji kutoka kona ile ya trei mara elfu kabla ya usiku ule. Jicho lililochoka linaona lilichozoea kukuta. Wakati wa vita kuu ya pili, marubani wa Marekani wa ndege za B-17 walikuwa wakishatua salama wakiwa wanakimbia ardhini wanakunja magurudumu, ndege inalalia tumbo. Wakubwa wakasema uzembe wa rubani. Mwanasaikolojia mmoja, Alphonse Chapanis, akaenda kukaa kwenye kile kiti akaangalia, akakuta kishikio cha magurudumu na kishikio cha vibawa vinavyoshushwa wakati wa kutua viko jirani kabisa, vinafanana. Ndege nyingine za wakati ule zenye vishikio tofauti hazikuwa na hilo tatizo, na marubani ni wa jeshi hilo hilo. Akabandika kwenye kishikio kimoja umbo la gurudumu na kingine umbo la bawa, mkono ukawa unajua hata gizani. Umakini wa marubani haukuongezwa hata kidogo, kilichobadilishwa ni kishikio.

Na kuhusu kuitwa itwa: kuna utafiti ulifanyika Sydney kwenye hospitali mbili, ukatoka 2010, walisimama nyuma ya manesi 98 wakihesabu. Kila nesi alipokatizwa akiwa anaandaa dawa, makosa ya dawa yalipanda kama asilimia 12, alafu akikatizwa tena yanapanda tena. Mimi usiku ule nilikatizwa mara tatu kwa kichupa kimoja.

Huyo wa Nashville nimemsoma. Aliruka maonyo, hilo ni kweli na sitalifunika. Ila kabati la dawa la kompyuta alilotumia lilikuwa linamruhusu mtu kuruka kizuizi, aliandika herufi mbili za mwanzo za jina la kibiashara, mashine ikamletea dawa nyingine inayoanza na herufi hizo hizo. Na kosa aliliripoti mwenyewe. Sasa jiulize nesi mwingine mahali popote akisoma hukumu ile, usiku akikosea na hakuna alieona, atafanyaje. Atafanya nilichofanya mimi. Atanyamaza, na anaemfuata atakanyaga pale pale.

Fundi Injini

Nimefanya kazi ya ndege miaka ishirini na mbili, naomba niingie. Sisi hili tulilipa kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya 747 ziligongana zikiwa chini kwenye njia ya kurukia, watu 583 wakafa. Kulikuwa na ukungu, redio zinaingiliana, uwanja umejaa kuliko uwezo wake, na kapteni wa ndege moja alikuwa mkubwa sana kwenye shirika lake, anaheshimika. Injinia wake wa ndani ya ndege aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Akajibiwa ndio, imetoka. Hakuuliza mara ya pili. Baada ya hapo ndo usafiri wa anga ukaanza kufundisha marubani namna ya kumwambia mkubwa subiri, na kumfundisha mkubwa namna ya kuambiwa.

Alafu kuna rubani Muingereza anaitwa Martin Bromiley. Machi 2005 mke wake Elaine aliingia kwa upasuaji mdogo wa pua. Kulazwa usingizi, njia ya hewa ikagoma. Walikuwepo madaktari bingwa, vifaa vipo, chumba kizuri. Wakahangaika na kumwingizia mpira mdomoni kwa dakika kama ishirini, oksijeni ya mwili iko chini sana muda mrefu. Nesi mmoja akaleta vifaa vya kutoboa koo akasema vipo. Mwingine akaenda kuomba kitanda ICU, kule kwa wagonjwa mahututi, akirudi akaona anaangaliwa kama anaekuza mambo, akaenda kukifuta. Elaine alifariki siku 13 baadae. Manesi wakasema baadae walikuwa wanajua kinachotakiwa ila hawakujua walisemeje mbele ya wakubwa. Bromiley kama rubani akauliza, uchunguzi wenu wa ajali uko wapi? Akaambiwa hawachunguzi mpaka mtu ashitaki. Hakuwashitaki, alitaka ijulikane nini kilitokea, 2007 akaanzisha kikundi cha kufundisha mambo haya hospitalini Uingereza.

Sista, huyo mwanafunzi wako alieongea kwa sauti ndogo ndo mtu muhimu kuliko wote kwenye hadithi yako. Kwann sauti ilikuwa ndogo?

Sista wa Zamu

Mkuu umenigusa. Ilikuwa ndogo kwa sababu mchana wake nilimfokea mbele ya wazazi kwa kuchelewesha vipimo. Nilimfundisha mwenyewe kunyamaza. Bahati yangu alikuwa na moyo kuliko nilivyostahili.

Wa Nakuru

Hapa Kenya sidhani kuna mtu amesahau ile ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta 2018. Wagonjwa wawili, mmoja ana damu imeganda kichwani anafaa kufunguliwa, mwingine ana uvimbe tu ambao haukuhitaji kisu. Lebo zikachanganyika, aliyeingizwa thieta ni yule hakuwa anahitaji. Wamepasua fuvu, wametafuta hiyo damu kwa masaa, hakuna. Daktari wa upasuaji, wa usingizi na manesi wawili wakasimamishwa kazi, mkurugenzi naye akatumwa likizo ya lazima. Madaktari wenzao wakapinga sana wakisema huyo daktari alipokea mgonjwa akiwa tayari ana lebo ya jina.

Mimi si daktari, ni mwalimu, lakini nilikuwa nalala na ndugu yangu kwa hospitali ya umma miezi ile na nikawa naangalia vile majina yanaandikwa. Ilikuwa kipande cha plasta kimeandikwa na biro kimebandikwa mkononi, ikilowa kwa jasho inatoka, nesi anakuja anauliza "wewe ndio nani?" na mgonjwa hajijui. Sasa nikajiuliza, ukifuta kazi watu wanne na plasta ibaki ile ile, umesaidia nani?

Mfamasia wa Bara

Mi nikae kwenye potasiamu maana ndo eneo langu na hili suala lina jibu linalojulikana miaka mingi. Uingereza walipounda wakala wao wa usalama wa wagonjwa, tahadhari yake ya kwanza kabisa, Julai 2002, ilikuwa potasiamu kali iondoke wodini. Ikae famasi na sehemu chache kama ICU, ifungwe kabati lake peke yake, na inapowezekana wodi ipewe dripu ambayo imeshachanganywa. Ikiwa haipo kwenye trei hakuna nesi atakaeichukua kimakosa, awe amechoka, awe mgeni, awe na taa au hana. Kinachoniuma ni kwamba hili halihitaji mashine wala mfadhili, linahitaji kabati na kufuli na mtu mwenye mamlaka ya kusema kuanzia leo.

Watu wengi hawajui pia kwamba dawa zinakuja kwa zabuni. Mwaka huu kichupa cha kampuni hii kina mstari wa bluu, mwakani mshindi ni mwingine na bluu ni ya dawa nyingine kabisa. Nesi aliezoea bluu ni maji anaendelea na mazoea yake. Sisi famasi tunapokea shehena tunahesabu boksi tunasaini, ni wachache sana tunaoweka kichupa kipya pembeni ya vya zamani tukajiuliza vinafanana na nini. Sasa hivi nafanya hivo, dakika kumi tu kwa kila shehena.

Na msidhani ni potasiamu peke yake. Machi 2022 WHO walitoa tahadhari kuhusu tranekzamiki asidi, ile ya kuzuia damu kutoka kwa mama aliejifungua. Kichupa chake kinafanana na cha dawa ya ganzi ya mgongo, mama anapelekwa upasuaji wa kujifungua anachomwa mgongoni tranekzamiki badala ya ganzi, anapata degedege kali na wengine wanakufa. Zote mbili zinahitajika chumba kile kile kwa mgonjwa yule yule, ndo maana zinakaa jirani. Ukimwambia mtu wa usingizi awe makini umemwambia kitu ambacho tayari anakifanya. Ukihamisha tranekzamiki ikakae nje ya trei ya ganzi, hapo umefanya kitu.

Angalia mtungi wa oksijeni. Umeshawahi kujiuliza kwann ule wa gesi ya usingizi haukubali kukaa kwenye nafasi ya oksijeni pale kwenye mashine? Kuna vipini vidogo vimepangwa tofauti kwa kila gesi, ukilazimisha haiingii. Mtu mmoja zamani alikaa akawaza kwamba binadamu atakosea tu, basi chuma kikatae kwa niaba yake.

Daktari Mwanagenzi

Intern hapa. Naongeza la thieta ambalo linatuhusu kabisa Watanzania na wengi hatulijui. Ile karatasi ya WHO ya ukaguzi kabla ya upasuaji, ya vipengele 19, ilijaribiwa miji minane duniani kabla haijasambazwa, na mmoja wa hiyo minane ni Ifakara. Ndio, Ifakara yetu, pamoja na London, Seattle, Toronto, Delhi na wengine. Matokeo yalitoka Januari 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Kwa maswali tu! Mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, upande upi, antibayotiki imeingia, kila mtu aseme jina lake.

Sasa niseme ninachokiona kazini. Karatasi ipo, imetikiwa yote, mara nyingi imetikiwa mgonjwa akiwa anashonwa au kesho yake faili likiwa linaenda rekodi. Hatusimami tukaongea. Na hili nalo lina ushahidi, jimbo la Ontario Kanada waliilazimisha hospitali zote, wakapima hospitali 101, matokeo yakatoka 2014, vifo havikubadilika vya maana. Kwahiyo nikisikia mtu anasema tutachapisha fomu mpya nakosa raha. Ninavyoona mimi dawa ilikuwa ile dakika moja ambayo watu wote wanasimama, na mdogo kuliko wote anakuwa ameshatamka jina lake hivyo mdomo umeshafunguka, karatasi ilikuwa ya kuwakumbusha tu. Ukibaki na karatasi ukaondoa ile dakika una tiki kumi na tisa basi.

Siku moja nilisema "dokta naomba tuhakikishe upande", nikajibiwa "umeanza kazi lini?" Upande ulikuwa sahihi. Ila tangu hapo ninapima kwanza hali ya hewa kabla sijafungua mdomo, na najua kabisa hilo ni hatari.

Mkunga Haydom Road

Nawasalimu. Mi ni mkunga, mkoa wa Manyara, nataka mjue kwamba mifano mizuri si ya Ulaya tu. Hospitali ya Haydom iko Mbulu huko ndani, na ndo imefundisha dunia kitu kuhusu mafunzo. Zamani walileta semina ya siku moja ya kumsaidia mtoto anaezaliwa hapumui, wakunga wakafanya vizuri kwenye mdoli, vyeti wakapewa. Walipoangalia leba yenyewe mambo yalikuwa vile vile. Wangeweza kusema wakunga hawa hawafundishiki. Badala yake wakaweka mdoli na mpira wa kupumulisha pale pale leba, mazoezi ya dakika tatu nne kila mara, unaingia zamu unafanya. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto elfu. Wakunga ni wale wale!

Baadae ikapanuliwa hospitali na vituo 30 kwenye mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na baada ya tukio gumu watu wanakaa kidogo kuongea limekwendaje. Matokeo yalichapishwa 2025, vifo vya akina mama vilishuka kama robo tatu. Kile kikao kidogo baada ya tukio ndo ninachokipenda kuliko vyote. Swali tunaloulizana ni "nini kilikuwa kigumu". Siku ya kwanza tulikaa kimya wote, tumezoea kuulizwa nani kafanya. Ilichukua kama miezi miwili watu kuamini.

Mwana wa Bi Zuhura

Nimesoma zote, mbili nimerudia. Sijabadilika kwenye kila kitu. Kuna nesi anakuja amelewa, kuna anaekataa kuamka mgonjwa anaita, huyo nae ni mfumo?

Na nina swali kwa sista, naomba usilikwepe. Familia ya yule mama mwenye watoto watatu, wanajua?

Sista wa Zamu

Aliekuja amelewa si mfumo mkuu, huyo aondolewe na mimi nitasaini. Wanaoandika habari hizi nao wanatenganisha. Kuna kuteleza, yani mkono umefanya tofauti na nia. Kuna kuruka utaratibu kwa sababu utaratibu wenyewe hautekelezeki, mfano kitabu kinasema dawa hii wahakiki manesi wawili na zamu ina nesi mmoja. Alafu kuna anaejua anahatarisha mtu na hajali. Sisi wote hao watatu tunawaandikia barua moja, ya maneno yale yale.

James Reason, Muingereza alieandika sana juu ya makosa ya binadamu, alitoa mfano 1990 ambao baadae ukaja kujulikana kwa picha ya vipande vya jibini yenye matundu. Mi nimekulia pwani naona paa la makuti. Kila kuti lina uwazi wake, nyumba haivuji kwa sababu makuti yamepandana. Siku uwazi wa makuti yote umekaa mstari mmoja, tone linamfikia aliyelala. Dada M alikuwa kuti la mwisho. Juu yake kulikuwa na zabuni, na famasi, na trei, na upungufu wa watumishi, na mimi niliyenyamaza. Mimi nilikuwa kuti ambalo lingeweza kuziba.

Swali lako. Hapana, hawajui. Waliambiwa moyo ulisimama ghafla. Ni kweli ulisimama.

Mwana wa Bi Zuhura

Basi hapo ndo penye shida yangu yote. Mimi sikutaka mtu afungwe. Nilitaka mtu aje nyumbani akae kwenye kiti.

Fundi Injini

Na hili linaenda na lile. Anaeogopa barua hawezi kuja kukaa kwenye kiti.

Sista wa Zamu

Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita, samahani kwa kimya.

Nilienda kwa muuguzi mfawidhi nikamwambia habari yangu yote, ya wodi ya watoto, ya mwanafunzi, ya daftari. Miguu ilikuwa inagongana. Alikaa kimya muda, alafu akafunga mlango akaniambia na yeye mwaka fulani alivuta potasiamu akidhani ni maji, akaishtukia sindano ikiwa imeshagusa kanula. Hakuwahi kumwambia mtu. Hapo ndo tulikuwa wawili kwenye chumba kimoja, pamoja na Dada M watatu, hospitali moja, kichupa kimoja.

Tukaenda pamoja famasi. Potasiamu imetolewa wodi ya watoto na wodi za upasuaji, iko kabati la famasi lenye kufuli. Haikwenda kirahisi, wodi ya wanaume walilalamika kwamba usiku famasi imefungwa na mgonjwa wa kuharisha sana anaihitaji, na wana haki, kwahiyo kwao kumewekwa kiboksi chekundu ndani ya droo ya inchaji yenye funguo, vichupa vinne tu, kila kimoja kinasainiwa. Leba bado hawajabadilisha. Taa ya meza ya watoto imewekwa, tulichanga wenyewe elfu nane. Kitambaa cha rangi anachovaa nesi akiwa anaandaa dawa ili asiitwe itwe tumejaribu siku tatu, wazazi wanamwita tu, hilo limeshindikana na tunafikiria kuhamishia meza kwenye kile chumba cha ndani.

La familia nimelisema. Mganga mfawidhi amesema waitwe lakini kwanza azungumze na wa juu yake. Tarehe sijapewa. Mwana wa Bi Zuhura, sijaliacha.

Jana usiku nikampigia Dada M. Anauza vitenge sokoni kwao, kesi yake bado iko kwenye baraza la wauguzi. Nikamwambia nilikutangulia, miezi minne kabla yako, na sikusema. Alinyamaza nikadhani simu imekata. Akauliza, "Ile trei wameitoa?" Nikamwambia wodini kwako ndo ilitoka ya kwanza. Akaniomba nimpigie picha ile meza ilivyo sasa, nimemtumia asubuhi hii. Akajibu mstari mmoja, kwamba siku ile familia wakiitwa nimwambie, anataka kuwepo.

Nimemjibu nitamwambia.